Kiangazi Helmi Alipombeba Signe

Signe Salmela alizaliwa Oktoba, siku theluji ya kwanza ilipoanguka Duluth, mji wa bandari ya ziwani kaskazini mwa Marekani, na miezi saba ya mwanzo ya maisha yake aliuona ulimwengu kupitia dirishani tu, au akiwa ndani ya manguo mazito yaliyomfanya afanane na mkate uliofungwa taulo. Kwa hiyo Mei ilipokaribia kwisha, barafu ikayeyuka ziwani na miti mlimani ikatoa majani, mama yake aliona kwamba hapo ndipo mtoto anapoanza kuishi hasa.

Mama yake, Britta, alikuwa dereva wa basi la shule. Shule zikifungwa Juni hana kazi mpaka Septemba. Tangu Februari alikuwa akiorodhesha mahali atakapompeleka mwanawe: ufukweni, shamba la stroberi, gwaride la sikukuu ya uhuru tarehe nne Julai, kuoga mvuke wa sauna kwa mara ya kwanza kwenye kijumba cha familia kando ya ziwa dogo, kuchuma matunda ya bluberi porini. Aliyataja majina hayo kama mtu anayesali. Shida ilikuwa kwamba baba wa mtoto asingekuwapo. Wade alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli ya kubeba madini ya chuma, na akipanda melini haonekani nyumbani kwa siku sabini. Safari hii alipanda mwisho wa Mei, arudi mwanzoni mwa Agosti.

Siku meli ilipotoka, Britta alikwenda kwenye mfereji wa meli bandarini kumuaga, yeye na Signe, na Helmi, mama yake Wade. Meli hupita karibu sana pale, chini ya daraja la kunyanyuka, unaona hata nyuso za watu walioegemea chuma. Wade alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi. Meli ikapiga honi, mara moja kwa kirefu na mara mbili kwa kifupi, daraja likaitikia kwa honi yake, na Signe, ambaye hajawahi kusikia kitu kikubwa namna ile, akabinua midomo na kuangua kilio. Britta alitaka kumpungia mumewe kwa mikono miwili. Akamgeukia mkwewe.

“Nishikie kidogo, Helmi.”

Helmi akaitia mikono yake mifukoni mwa koti. Alisema upepo ni mkali, bora mtoto akae na joto la mama yake. Britta akapunga kwa mkono mmoja. Meli ikatoka, ikawa ndogo, nao wakarudi kwenye gari.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu hospitali, siku ya kuzaliwa, Helmi alisimama mlangoni na kumtazama mjukuu wake kwa mbali, kama mtu anayetazama moto. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, aliyeshona mifuko ya turubai kiwandani kwa miaka thelathini, na mikono yake haikujua kukaa bure. Alileta supu. Alifuma soksi. Asubuhi za baridi Britta aliamka akakuta ngazi zimekwishafagiliwa theluji na nyayo za Helmi zinaondoka. Lakini ukimnyooshea mtoto, mara anakumbuka sufuria jikoni, mara anataka kwenda kuangalia gari lake kama taa zinawaka. Mwanzoni Britta alihesabu. Baadaye akaacha kuhesabu, akaanza kuumia. Alipomwambia Wade kwamba mama yake hampendi mtoto, Wade alijibu kwamba ndivyo mama alivyo, hata yeye hakumbuki kukumbatiwa sana. Mambo yakaishia hapo.

Juni ilikuwa nzuri. Britta alimpeleka Signe ufukweni karibu kila siku. Maji ya ziwa lile hayana huruma hata kiangazi. Signe alitiwa vidole vya miguu tu, akavuta pumzi, akamtazama mama yake kama aliyesalitiwa, kisha akataka tena. Alikula mchanga. Alijifunza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa, mgongo umenyooka kama hakimu, na siku moja akiwa amekaa hivyo Britta akaona kitu cheupe kwenye ufizi wa chini. Alipiga picha kila kitu na kumtumia Wade. Mtandao huko ziwani hupatikana meli ikipita karibu na pwani tu, basi habari zilimfikia Wade kwa mafungu: jino, mchanga na kukaa, vyote kwa dakika moja, akiwa amesimama sitaha na mafuta ya mashine mikononi. Alijibu kwamba inabidi aketi kwanza.

Mwisho wa Juni stroberi zikaiva. Britta alimwalika Helmi shambani, si kwa mapenzi makubwa, bali kwa sababu Helmi alijua kupika jamu na yeye hakujua. Walikwenda asubuhi mapema, kabla ya jua kali. Wachumaji wengine walikuwa upande wa barabara. Wao walikwenda mwisho kabisa, ambako mistari ilikuwa haijaguswa. Signe alikuwa kwenye kigari chake, kifua kimelowa juisi nyekundu, ngumi imejaa tunda. Helmi alichuma mistari mitatu mbali nao, kama kawaida yake.

Britta alijaza sinia, akaliinua, akarudi hatua moja nyuma, na mguu wake wa kulia ukaingia kwenye shimo la fuko. Alisikia mlio kabla ya kusikia maumivu. Alijikuta chini katikati ya majani, stroberi zimemwagika, na wayo wake umeelekea upande ambao wayo hauelekei. Simu ilikuwa kwenye gari. Signe aliposikia mama yake amelia, naye akalia, akaanza kujipinda kwenye kigari, kifungo cha mkanda kikampanda mpaka kwapani.

“Mchukue,” Britta alisema.

Helmi alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko wa aliyevunjika.

“Helmi, mchukue mtoto. Ataanguka. Mimi siwezi kusimama.”

Britta alisimulia baadaye kwamba zile sekunde zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Kisha Helmi akaruka mistari mitatu, akafungua mkanda na kumtoa Signe. Alimshika kama mtu aliyekabidhiwa chungu cha moto. Akatazama huku na huku. Kibanda cha mwenye shamba kilikuwa mbali, mwisho wa shamba. Helmi akambana mtoto kifuani, akaanza kutembea, na katikati ya shamba Britta akaona kwamba mkwewe anakimbia, skafu imemdondoka, viatu vya mpira vinapiga matope.

Alirudi juu ya trekta pamoja na mwenye shamba, mama mmoja mnene mwenye maneno ya upole. Mtoto alikuwa bado kifuani. Hakumweka chini njiani wala hospitalini. Muuguzi alipoona blauzi ya Helmi imejaa madoa mekundu alimshika mkono na kumuuliza ameumia wapi. Helmi hakuelewa swali. Britta, aliyekuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu akingoja picha ya mguu, ndiye aliyejibu kwamba ni stroberi, na wote wawili wakatazamana, karibu wacheke.

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Daktari alisema asiukanyage kwa wiki sita. Nyumba yao ilikuwa kilimani, yenye ngazi nje na ngazi ndani. Mama yake Britta aliishi Arizona na mapafu yake hayakuruhusu safari. Jioni ile ile Helmi alifika na sanduku moja na cherehani yake, akauliza mashuka yanakaa wapi.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Helmi alimlisha mtoto, akambadilisha nepi, akamwogesha, yote sawasawa na bila kosa, lakini taya zimekazwa kama mtu anayebeba vyombo vya kioo vya watu. Signe akilala mchana, Helmi huketi kando ya kitanda chake na kumwekea kidole chini ya pua. Mara kumi, mara ishirini. Mara nyingine humwamsha kwa kidole kile kile. Britta, ambaye mguu ulimuuma na ambaye hakuzoea kukaa bure, alishindwa kuvumilia.

“Mwache alale, jamani. Akiamka hovyo, mimi ndiye nitakayemsikiliza jioni yote.”

Helmi aliomba radhi. Baada ya nusu saa alikuwa amerudi pale pale na kidole chake.

Siku ya tano akatoa kipande cha turubai sandukuni, cha kijani, kutoka kiwandani kwake. Alishona asubuhi nzima. Kilipokwisha kilikuwa na mikanda miwili mipana na kiti katikati: mbeleko, ila ya kitambaa cha kubebea mizigo porini, yenye mshono mara tatu. Alijifunga Signe mgongoni, akatikisa mabega kupima, akaenda kuosha vyombo. Nadhani alikuwa amegundua jambo: mtoto akiwa mgongoni unasikia anavyopumua bila kuweka kidole. Tangu siku ile Signe akahamia huko. Alikwenda dukani mgongoni, akaanika nguo mgongoni, akapanda kilima mgongoni akimvuta Helmi nywele kama anayeendesha farasi. Helmi akaanza kumzungumzia. Kwanza alimweleza kazi tu, hii ni pasi, hii ni kabeji. Kisha siku moja Britta, akiwa kochini na mguu juu ya mito, alimsikia Helmi jikoni akiimba kwa Kifini, kwa sauti nzito isiyofuata noti yoyote.

Kwenye gwaride la tarehe nne walikwenda watatu. Kanisa liliwaazima kiti cha magurudumu. Britta akakaa, Helmi akasukuma, na Signe akawa juu ya wote.

“Helmi, umekuwa garimoshi siku hizi?” jirani mmoja alimtania.

“Panda behewa la nyuma,” Helmi akajibu, “lakini ujue halina breki.”

Watu walishangaa kidogo, maana hawakuwa wamezoea kusikia Helmi akifanya mzaha. Magari ya zimamoto yalipopita, wazima moto walipunga, na Signe akatazama mkono wake mwenyewe, akaufungua na kuufunga. Alipogundua kwamba watu wanaujibu, hakuacha tena. Wiki nzima alilipungia friji.

Katikati ya Julai akaanza kutambaa, kinyumenyume, kama gari linaloegeshwa. Alikuwa akikazia macho kitu anachokitaka huku akizidi kwenda mbali nacho, analia kwa hasira, mpaka makalio yanaingia chini ya kochi. Helmi alilala kifudifudi sakafuni kumtoa. Signe alichukua siku nne kujua gia ya mbele. Wade aliyapata hayo yote siku moja, akiwa ng'ambo ya ziwa kubwa, na akaandika: *Mwambieni aningoje.*

Mwisho wa Julai Helmi aliwapeleka kwenye kijumba cha ziwani. Marehemu mumewe, Urho, ndiye aliyekijenga, pamoja na sauna yenyewe, kwa magogo aliyoyapasua kwa mkono. Kwa watu wa Helmi, Wafini, mtoto haji kuwa mtu kamili mpaka ameonja mvuke. Helmi aliwasha moto mdogo, akapima joto kwa kiwiko, akamwingiza Signe na beseni la maji ya vuguvugu kwenye ubao wa chini kabisa. Britta hakuweza kuingia na plasta ngumu ya mguuni mwake. Alikaa kwenye chumba cha kuvulia nguo, mguu juu ya ndoo iliyogeuzwa, mlango wa ndani umeachwa wazi kidogo. Aliona mvuke tu, na kusikia maji yakimwagika na Signe akigugumia kwa raha.

Britta alisema, kwa kuongea tu, kwamba Signe anaonekana kama aliyezaliwa humo. Na kwamba hata Wade alisema aliogeshwa humo akiwa na wiki mbili.

Maji yakanyamaza.

“Wade alikuwa wa pili,” Helmi alisema toka ndani. “Wa kwanza alikuwa Eino.”

Britta alikuwa amewahi kusikia kwamba kulikuwa na mtoto mwingine. Jina hakuwa amelisikia.

Helmi akaendelea, na kwa kuwa hakuwa anaonekana, pengine ikawa rahisi. Eino alikuwa na miezi minne. Alikuwa mtoto mnene, mcheshi, ana alama nyekundu shingoni. Alasiri moja Helmi alimnyonyesha, akalala mikononi mwake, naye kwa kuwa alitaka kumalizia kazi ya kushona, alimlaza kitandani, akamfunika, akashona kwa saa moja na nusu. Alifurahi kwamba mtoto amelala kirefu siku hiyo. Alikwenda kumwamsha kwa sababu matiti yalikuwa yamejaa. Madaktari walisema hakuna aliyekosea, hutokea tu, hakuna ajuaye kwa nini. Mumewe alisema hivyo hivyo. Mchungaji pia. Baada ya mazishi watu waliacha kumtaja, naye akaacha.

“Wade alipozaliwa nilimfanyia kila kitu,” alisema, “ila sikumzoea. Niliogopa kumzoea. Yule mtoto hakupata mama, alipata mpishi. Halafu akaja huyu, na nikasema, Helmi, kaa mbali, usije ukamgusa na bahati yako mbaya.”

Britta alikuwa ameushika ubao wa kiti kwa mikono miwili. Aliuliza kwa nini hakumwambia.

“Ningekuambia lini? Ukiwa na mimba? Au ukiwa umetoka kujifungua?”

Ndani Signe alipiga maji kwa kiganja, akacheka peke yake.

“Na unapomwekea kidole puani?” Britta aliuliza.

“Anapumua. Kila mara anapumua.”

“Basi endelea kumwekea. Sitakuuliza tena.”

Helmi alitoka, amejifunga taulo, Signe mikononi, wote wawili wekundu kama kamba waliochemshwa. Britta alimpokea mtoto kwa mkono mmoja na mkwewe kwa mkono wa pili, na kwa kuwa hakuweza kusimama, Helmi ilibidi ainame. Walikaa hivyo mpaka Signe akaanza kulalamika kwamba anabanwa. Njiani kurudi Britta alimwita Mummu, kama wajukuu wa Kifini wanavyomwita bibi, akijifanya anasema kwa niaba ya Signe. Hakurudi tena kumwita Helmi.

Wade alifika Jumanne ya kwanza ya Agosti. Alikuwa amenyoa ndevu ili mtoto amkumbuke, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu mtu ambaye Signe alimwona kwenye simu kiangazi chote alikuwa na ndevu. Alipanda ngazi mbilimbili, akaweka begi chini, akamnyooshea mikono. Signe akamtazama huyu mtu mkubwa. Midomo ikabinuka. Akageuka, akajificha shingoni mwa Helmi na kulia kilio ambacho hawajamsikia akilia tangu siku ya shambani.

Wade alicheka, akasema hata yeye angelia. Kisha akatoka kwenda kusafisha mifereji ya paa, ambayo ilikuwa safi.

Alijaribu siku tatu. Alimletea dubu wa kitambaa, akapuliza mashavu, akajificha nyuma ya taulo na kuchomoza, akampa ndizi. Kila akimkaribia, Signe alitambaa kwenda kwa Helmi, sasa kwa gia ya mbele na kasi kubwa. Siku sabini chini kwenye kelele za mashine alikuwa amejipa moyo kwa kufikiria dakika ile ya mlangoni. Usiombe kuona mwanamume wa futi sita akila chakula chake huku amegeukia ukuta ili mtoto asiogope.

Alhamisi Helmi alimkuta gereji.

“Unamwendea kama mtu anayekamata kuku,” alimwambia. “Kaa chini. Shughulika na jambo lako. Usimtazame.”

“Kwani wewe ulifanyaje, Mama?”

“Mimi nililazimishwa.”

Siku iliyofuata plasta ya Britta ilitolewa, akapewa kiatu kigumu cha kutembelea. Jioni yake Helmi alikuwa akikunja nguo zake sandukuni. Britta alimfuata, akichechemea, akamwambia asiende kwa sababu ya Wade.

“Naenda kwa sababu ya Wade. Huyu mtoto, hata akinililia sasa, mimi ninaye mwaka mzima. Baba yake ana wiki nne.” Alifunga sanduku. “Nikiwa hapa atanikimbilia mimi, na mimi nitampokea. Sina nguvu ya kutompokea.”

Aliacha mbeleko kwenye kiti. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi tu, lakini kwa siku nane hakuja. Alipiga simu mara moja kwa siku, akauliza kama amekula. Baadaye sana alimwambia Britta kwamba siku hizo, ukifika wakati wa usingizi wa mchana, alikuwa akivaa viatu na kutembea mpaka ziwani na kurudi, kwa kuwa hakujua la kuifanyia mikono yake.

Nyumbani Signe alimtafuta. Alitambaa chumba hadi chumba, akasimama dede kwa kushika mlango wa chumba cha wageni, akaugonga. Ilimuuma Britta, na kumtazama Wade kulimuuma zaidi. Siku ya nne wakaenda kuchuma bluberi, kwenye miamba ambako msitu uliungua zamani, kaskazini ya mji, ambako vichaka ni vifupi na hata mtoto anavifikia. Wade alikaa kwenye mwamba na ndoo kati ya miguu. Alichuma. Hakumtazama mtu. Signe alikuwa kwenye blanketi hatua chache, akila majani.

Akamaliza majani. Akaitazama ndoo. Akatambaa, akashika suruali ya baba yake, akajivuta mpaka akasimama kwenye goti lake, na kuingiza mkono mzima ndooni. Wade aliendelea kuchuma, mkono mmoja tu sasa, polepole. Signe alikula. Alikula mpaka kidevu kikawa cha zambarau. Kisha akatulia, akamkagua huyu mtu aliyekaa kimya, akachukua tunda moja kwa vidole viwili, kazi ambayo ndiyo kwanza ameijua, akalisukuma kwenye midomo ya baba yake. Likaingia puani. Akajaribu tena, likaingia. Wade alitafuna macho yamefumbwa. Britta alikuwa na simu mkononi lakini hakupiga picha. Aliogopa hata mlio wake.

Waliporudi Signe alilala begani mwa baba yake, na shati lile halikutakata tena.

Kabla Wade hajarudi melini, Helmi aliwaita kwake Jumapili kwa chakula. Wade akatumwa dukani kununua barafu. Britta alikuwa jikoni akikata viazi, na dirisha lilitazama uani, ambako Helmi alikuwa akianua mashuka. Signe alikuwa amesimama kwa kushika nguzo ya kamba. Akaiachia. Alisimama peke yake, tumbo mbele, kisha akatupa mguu mmoja, na mwingine, na wa tatu, tata, tata, akaangukia mapajani mwa Helmi aliyekuwa tayari amepiga magoti kwenye nyasi. Helmi alimshika, akainua macho, akaona dirisha, akamwona Britta na kisu mkononi.

Walitazamana hivyo. Helmi akaweka kidole mdomoni. Britta akarudi kwenye viazi vyake, asione vizuri anakata nini.

Wade akaleta barafu. Wakala. Hakuna aliyezitaja zile hatua, ingawa Helmi alijaza sahani ya Britta mara mbili bila kuulizwa. Jumatano asubuhi, nyumbani kwao, Wade alikuwa ameketi sakafuni akifunga kamba za viatu, na Signe akatoka kwenye kochi kwa hatua nne kamili mpaka kwenye goti lake. Wade alimpigia mama yake simu kabla ya kumwamsha mkewe. Britta, kitandani, alimsikia akisema kwamba alikuwapo, ameona kwa macho yake, hatua za kwanza kabisa. Kisha akasikiliza, akasema, “Ndiyo, Mama. Nami nafurahi.” Kwamba hazikuwa za kwanza, Britta na mkwewe hawajamwambia hadi leo, na ninyi msimwambie.

Wade aliondoka tena Septemba ilipoanza. Alikuwa ameomba nafasi kwenye boti ndogo za kuvuta meli pale bandarini, kazi ya kurudi nyumbani kila jioni. Walimwambia pengine masika, pengine hapana. Mguu wa Britta ulipona ukiwa na maumivu kidogo siku za mvua, daktari akamruhusu kuendesha, na siku shule zilipofunguliwa alimpeleka Signe kwa Helmi jua halijachomoza. Signe aliingia ndani bila kugeuka nyuma. Kulikuwa na uji, na sufuria mbili za kugonganisha.

Britta aliendesha vituo viwili salama. Kituo cha tatu alipandisha mtoto wa darasa la kwanza, msichana mdogo mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, macho yamevimba, aliyesimama kando ya kiti cha dereva na kukataa kwenda nyuma. Alikuwa ameona uso wa Britta kwenye kioo.

“Hata wewe unalia?” aliuliza.

Britta alimwambia kwamba ana mtoto, na leo ni mara ya kwanza kumwacha kwenda kazini.

“Na yeye alilia?”

“Hata chozi moja.”

Msichana akafikiri. Kisha akavua begi, akakaa kiti cha kwanza nyuma ya dereva, akasema atakaa hapo hapo karibu, leo tu. Britta akafunga mlango. Vilikuwa vimebaki vituo kumi na kimoja.